TAHADHARI: Muuza waya za magari ya zamani, huyu ni tapeli kamili

Jamani, yule niliyewaambia ananiuzia seti ya waya za taa za nyuma ni mwizi. Hasira niliyonayo hata usingizi sipati.

Gari mnalijua, ugonjwa wake mnaujua: ukikanyaga breki, taa ndogo za nyuma zinafifia na indiketa inawaka kwa mbali. Jamaa akafungua taa, akachomoa balbu, akaiinua juani nione nyuzi zote mbili, ile ya wati 21 ya breki na ile ya wati 5. Nzima. Akaniita nisogee. Akavuta waya mbili kutoka kwenye betri, chanya na hasi, akazibana zote kwenye soketi. Taa ikawaka kali mpaka nikafumba macho. "Umeona mwenyewe? Taa haina kosa, waya za gari ndizo zimeoza."

Nani asingeamini? Gari la Kijerumani, na mtu anataja namba za waya zake bila kusoma popote: 31 ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi), 54 breki, 58 taa ndogo. Na ndivyo zilivyo! Seti yenyewe tepu inang'aa. Nikalipa, akafunga, akaondoka na waya zangu za zamani eti akazitupe.

Jioni taa zikafifia vilevile.

Fundi mwingine alilegeza boli moja tu ndani ya buti, pale waya wa kahawia wa ethi unapokamata bodi. Chini yake rangi na kutu tupu. Akasugua kwa msasa, akakaza, taa zote zikawaka. Kumbe yule alipoleta hasi moja kwa moja kutoka kwenye betri alikuwa anairuka ethi mbovu makusudi! Tukachana ile tepu mpya: waya kuukuu, shaba imegeuka kijani, viungo vimesokotwa kwa mkono bila kuchomewa risasi ya kulehemu. Na zangu nzima kaenda nazo, bila shaka kamfungia mwingine.

Mtu wa hivi afungwe. Breki zisipoonekana nyuma usiku mtu anakufa, yeye anahesabu hela. Ukimwona mtu anapima kwa waya mbili badala ya chanya peke yake, hataki uchane tepu, anang'ang'ania waya zako za zamani, mfukuze. Picha za ile seti ninazo. Aliyetapeliwa naye anitafute, twende polisi pamoja, simwachi.