Vitabu vya kuskiza: kimoja moto, kingine usingizi

The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor nimeimalizia gatini Lamu nangoja maji yajae boti ya Pate iondoke, na mtoto wa hadithi, Ayaana, ni wa hukohuko Pate, yani naskiza huku naangalia bahari ileile! Ni ya 2019 na ni ndefu haswa, ile safari ya meli kwenda Uchina niliirudisha mara mbili, lakini Muhidin, yule baharia ambaye mtoto mwenyewe anamchagua awe babake, walahi alinitoa machozi mbele ya makuli. Kile kingine cha upelelezi hapana, msomaji yuko kama anatangaza tanzia, polisi na mwizi sauti moja, nikasinzia kuamka muuaji kashajulikana. Halafu bando kwisha, pakueni kwa waifai.