Voteview: Kumbukumbu ya Kura za Bunge la Marekani na Jinsi ya Kuisoma

Yeyote anayeanza kuchunguza siasa za Marekani kwa jicho la kitaaluma hukumbana mapema na swali linaloonekana dogo: mbunge huyu, au seneta yule, anasimama wapi hasa? Vyombo vya habari vina jibu la haraka, kwa kuwa humbandika mmoja jina la mwenye siasa kali, mwingine la mwenye msimamo wa wastani, lakini majina hayo hubadilika kulingana na anayeyatoa. Mtafiti anahitaji kipimo ambacho mwenzake anaweza kukirudia na kupata jibu lile lile. Hiyo ndiyo kazi ya Voteview, tovuti iliyo chini ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambayo nimeitumia kwa muda wa kutosha kusema inafaa wapi na inapotosha wapi. Naandika kwa kirefu kwa sababu nimeona mara nyingi alama zake zikinukuliwa na watu ambao hawakufungua hata kura moja kati ya zile zilizozaa alama hizo, na hapo chombo kizuri hugeuka kuwa chanzo cha makosa.

Kilichomo ni kumbukumbu ya kura zilizopigwa kwa majina katika Baraza la Wawakilishi na katika Seneti tangu Bunge la kwanza lilipokutana New York mwaka 1789, pamoja na chama na jimbo la kila aliyepiga. Hakuna malipo wala kujisajili. Juu ya kumbukumbu hiyo umejengwa mfumo wa alama unaoitwa NOMINATE, uliobuniwa na Keith Poole na Howard Rosenthal mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Wazo lake halihitaji hesabu nyingi kueleweka. Chukulia kila mbunge ni nukta uwanjani, na kila kura ina nukta mbili, moja ya ndiyo na nyingine ya hapana. Mbunge huelekea kuchagua ile iliyo karibu naye, ingawa mara mojamoja huenda kinyume. Kompyuta haiambiwi nani ni wa kushoto na nani ni wa kulia, wala haisomi hata neno moja la muswada. Inachoangalia ni nani amepiga kura pamoja na nani, na mara ngapi, kisha huwapanga wabunge mpaka mpangilio wao ueleze kura nyingi iwezekanavyo.

Alama za mhimili wa kwanza, yaani nafasi ya mbunge uwanjani kutoka kushoto kwenda kulia, huwa kati ya -1 na 1, na kadiri inavyokaribia 1 ndivyo mbunge anavyohesabiwa kuwa mhafidhina zaidi. Kwa sehemu kubwa ya historia mhimili huo umebeba ugomvi kuhusu nafasi ya serikali katika uchumi. Mhimili wa pili, ule wa juu na chini, ambao wengi huupuuza, umebeba yale yaliyovipasua vyama ndani kwa ndani katika vipindi fulani: utumwa, matumizi ya madini ya fedha kama msingi wa sarafu, haki za raia weusi.

Nguvu ya tovuti hii huonekana pale unapofungua kura moja na kutulia nayo. Chukua kura ya Baraza la Wawakilishi ya tarehe 10 Februari 1964 juu ya Sheria ya Haki za Kiraia, iliyolenga kukomesha ubaguzi wa rangi, na iliyopita kwa 290 dhidi ya 130. Ukitazama vyama peke yake huelewi kitu: Wademokrati 152 waliunga mkono na 96 wakapinga, Warepublikani 138 waliunga mkono na 34 wakapinga, kwa hiyo vyama vyote viwili vimekaa upande wa ndiyo na vyote viwili vina waasi. Lakini ukurasa wa kura hiyo una ramani ya wilaya za uchaguzi, na ramani inasema yote kwa mara moja, kwa sababu Kusini yote inasimama peke yake kama kipande kilichomeguka. Kati ya Wademokrati waliotoka katika majimbo 11 yaliyojitenga wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, 7 tu walisema ndiyo na 87 walisema hapana. Chini ya ramani kuna mchoro wa nukta, kila mbunge nukta yake, na mstari unaowatenga wa ndiyo na wa hapana. Katika kura nyingi za leo mstari huo husimama wima, ukigawa kushoto na kulia. Hapa umeinama, ukitenga zaidi waliokaa juu na waliokaa chini kwenye ule mhimili wa pili. Sijapata maelezo ya darasani yanayomfanya mwanafunzi aelewe Chama cha Democratic cha zama zile, chenye watu wa New York na watu wa Mississippi chini ya paa moja, kwa haraka kama mchoro huo.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na unafundisha jambo jingine. Tarehe 29 Septemba 2008, katikati ya msukosuko wa benki, Baraza la Wawakilishi lilikataa mpango wa kuziokoa taasisi za fedha kwa kura 228 dhidi ya 205, na siku hiyo hiyo kipimo cha hisa cha Dow Jones kikaporomoka kwa pointi 777. Wademokrati 140 walikubali na 95 wakakataa. Warepublikani 65 walikubali na 133 wakakataa. Ukifungua mchoro wa kura hiyo unakuta hapana zimejaa pembezoni kote kuwili, upande wa kushoto kabisa na upande wa kulia kabisa, huku ndiyo zikiwa nyingi katikati, karibu na viongozi wa vyama. Hakuna mstari ulionyooka unaoweza kuwatenga watu waliopangika hivyo, na tovuti haifichi: nukta zilizoangukia upande usio wao zinaonekana wazi kwa macho. Nauthamini sana uaminifu huo. Chombo cha vipimo kinachokuonyesha mahali kilipokosea ni chombo unachoweza kukiamini pale kinapopatia.

Kosa la namna hiyo, hata hivyo, haliishii kwenye kura moja. Likijirudia kwa mbunge yule yule, alama yake yenyewe hupinda. Tarehe 5 Novemba 2021 muswada wa miundombinu ulipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 228 dhidi ya 206. Warepublikani 13 waliuunga mkono, na Wademokrati 6 waliukataa, miongoni mwao Alexandria Ocasio-Cortez, Ilhan Omar na Rashida Tlaib. Walioukataa upande wa Democratic hawakuona kwamba serikali inatumia fedha nyingi mno. Walitaka muswada mkubwa zaidi wa huduma za jamii upite pamoja na huu, wakahofia kwamba huu ukitangulia ule mwingine utaachwa. Kompyuta haijui hayo. Inaona tu kwamba wabunge hao wamepiga kura pamoja na wahafidhina, na kwa kuwa wamefanya hivyo zaidi ya mara moja, inawasogeza kuelekea katikati, mpaka watu wanaojulikana kuwa kushoto kabisa mwa chama chao wanaonekana kama wenye msimamo wa wastani. Waendeshaji wa Voteview wenyewe wameandika maelezo kuhusu jambo hili, na wamelieleza bila kukwepa. Tatizo ni kwamba anayepakua faili la alama hapitii maelezo hayo, na anayenukuu alama gazetini hayataji. Kwa maoni yangu, tahadhari hii ilistahili kukaa ndani ya faili lenyewe, kama safu ya kuonya kwamba alama ya fulani imeathiriwa na kura za kupinga kutoka pembezoni.

Lipo pia suala la kisichoonekana kabisa. Muswada uliofia kamatini hauna kura. Muswada ambao spika hakuuleta mbele ya Baraza hauna kura. Seneti hupitisha mambo mengi kwa ridhaa ya wote, na Baraza la Wawakilishi hupitisha mengi kwa kura ya sauti, na yote hayo hayaachi jina la mtu. Isitoshe, wingi wa kura zilizorekodiwa umetegemea kanuni za zama husika. Kabla ya sheria ya mwaka 1970 ya kupanga upya shughuli za Bunge, kura nyingi za marekebisho katika Baraza la Wawakilishi zilihesabiwa bila kuandika nani alipiga nini, na mfumo wa kura za kielektroniki ulianza kutumika huko mwaka 1973. Kwa hiyo anayelinganisha Bunge la miaka ya 1950 na la miaka ya 1990 analinganisha mabaraza mawili yaliyokuwa na tabia tofauti za kurekodi, si wabunge wa aina mbili tu. Zaidi ya hapo, kura ambazo upande mdogo haukufikia asilimia 2.5 haziingii katika ukokotoaji wa alama, kwa sababu hazisaidii kutofautisha watu. Zimo kwenye kumbukumbu, unaweza kuzisoma, ila hazimsogezi mbunge popote.

Kwa upande wa mafaili sina malalamiko makubwa. Unachagua baraza, unachagua Bunge la ngapi (kila Bunge ni kipindi cha miaka miwili), unapakua lahajedwali la wabunge, la kura au la kila kura ya kila mbunge. Jambo moja tu linahitaji umakini. Katika faili la kila kura ya kila mbunge, ndiyo huandikwa 1 na hapana huandikwa 6. Namba 2 na 3 ni aina nyingine za ndiyo zilizotangazwa bila kupigwa, 4 na 5 ni hapana za namna hiyo hiyo, 7 na 8 ni waliohudhuria bila kuchagua upande, na 9 ni ambao hawakupiga. Anayechukua safu hiyo na kupiga wastani bila kusoma mwongozo atapata tarakimu nadhifu isiyo na maana yoyote. Wademokrati wana namba 100 na Warepublikani 200; vyama vya karne ya 19 vina namba zao, na hapo mwongozo ni wa lazima.

Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba alama kuu ya mbunge ni moja kwa maisha yake yote bungeni. Mfumo unachukulia kwamba mtu habadiliki isipokuwa amehama chama, na akihama hupewa rekodi mpya, kama ilivyokuwa kwa Arlen Specter wa Pennsylvania, aliyewaacha Warepublikani na kujiunga na Wademokrati mwaka 2009. Dhana hiyo ina faida, kwa sababu bila wabunge wanaoendelea kutoka Bunge moja hadi jingine kusingekuwa na daraja la kuunganisha vizazi. Lakini mwenye swali kuhusu mabadiliko ya mtu mmoja asitumie alama hiyo. Atumie ile ya watafiti Nokken na Poole, iliyomo kwenye faili lile lile la wabunge, ambayo hukokotolewa upya kwa kila Bunge. Nimesoma hoja nzima ikijengwa juu ya seneta ambaye eti "hakuyumba kwa miaka ishirini", na ushahidi pekee ulikuwa alama ambayo kwa ubunifu wake haiwezi kuyumba.

Matumizi yaliyoipa Voteview heshima kubwa zaidi ni kupima umbali kati ya vyama, na hapo naiamini kwa moyo mweupe, mradi isemwe kilichopimwa. Katika miaka ya 1960 na 1970 Wademokrati wengi wa Kusini walikaa kulia kwa Warepublikani wengi wa Kaskazini Mashariki, na katikati ya mchoro palikuwa na msongamano wa nukta za rangi za vyama vyote viwili. Katika mabunge ya miaka ya karibuni katikati pamebaki uwazi. Mdemokrati aliye kulia kabisa yuko kushoto kwa Mrepublikani aliye kushoto kabisa. Wastani wa Warepublikani umesogea mbali zaidi kuliko wa Wademokrati tangu miaka ya 1970. Haya ni matokeo imara. Hayatuambii, hata hivyo, kama wananchi wamegawanyika kwa kiasi hicho, wala hayatenganishi msimamo wa mbunge na nidhamu ya chama inayoamua ni miswada ipi iletwe kupigiwa kura.

Kwa atakayeifungua kwa mara ya kwanza, ningemwomba asianze na ukurasa wa mbunge anayempenda au kumchukia. Aandike kwenye kisanduku cha kutafutia tarehe ya ile kura ya Septemba 2008, afungue mchoro wake, ahesabu nukta zilizo upande usio wao, kisha afungue kura ya pili ya tarehe 3 Oktoba, mpango ule uliporudishwa ukiwa umerekebishwa na kupita kwa 263 dhidi ya 171, na atafute ni nani waliogeuka ndani ya siku nne.