Supachaja ya Mustang GT: kabla hujatuma dola zako, angalia kidude hiki

Mtwara kuchele! Karibuni tena, leo mezani kuna mzigo. Jina nimelifunika kwa tepu nyeusi, maana waliotengeneza hawajaninunulia hata soda. Wakinunua nitabandua. Ni supachaja, yaani pampu inayozungushwa na injini ili kushindilia hewa kwenye silinda, ya Mustang GT, ile V8 ya lita 5.0, na mwenye gari ni kaka wa hapahapa Shangani, yuko nyuma ya kamera ananikodolea macho. Tulia kaka, sijashika nyundo.

Namba za farasi sisomi. Zipo kwenye boksi na wewe ulishazikariri. Nataka uone hiki. Sogeza kamera. Unaona hiki kikopo chenye mkono mdogo wa chuma? Hiki ndicho kinachoendesha valvu ya baipasi, kimlango cha kurudisha hewa. Hapa pana kampira kembamba. Nakatia mdomoni, navuta... umeona mkono ulivyoingia? Naachia. Tak! Umerudi. Ngoja tena, nasikia raha. Navuta... tak!

Sasa sikiliza. Ukitembea taratibu, injini yenyewe ndiyo inayovuta hivi. Valvu inafunguka, hewa inarudi ilikotoka, supachaja inazunguka tu bila kushindilia kitu. Joto halipandi, mafuta hayamwagiki. Ukikanyaga mpaka chini, mvuto unakufa, springi inaibana valvu, hewa haina pa kukimbilia ila kwenye silinda. Kwa hiyo kutoka hapa mpaka Mikindani kwa spidi 50, trafiki wamejipanga, unaendesha Mustang ya kawaida kabisa. Siku barabara ikiwa nyeupe, unakuta mnyama yumo.

Na ukiuziwa iliyotumika, fanya hivihivi mbele ya muuzaji. Vuta, halafu ziba kampira kwa ulimi. Mkono ukirudi wenyewe taratibu, diaframu, ile ngozi laini ndani ya kikopo, imepasuka. Shusha bei au ondoka.

Najua kuna mashabiki wa supachaja za Vortech na ProCharger wameshaanza kunichachamalia kwenye komenti huko chini, kwamba zao ndizo bora. Wadau, hizo ni za sentrifugo, presha inapanda kadiri mzunguko wa injini unavyopanda. Sasa wewe unayekutana na tuta kila ukichanganya gia, utaufaidi lini huo mzunguko? Ingawa, haki yao niwape, hewa yake kwa kawaida haichemki kama ya hizi zinazokaa juu ya injini, na kwa joto letu hilo si dogo. Ningekuwa na barabara ndefu ya kwangu peke yangu, ningechukua hiyo. Hii ya mezani ni ya ukoo wa Eaton TVS, rota mbili zinazosukuma hewa, kama wanazotumia kampuni za Roush na Edelbrock, nguvu unaipata kuanzia chini. Whipple nao wana skrubu pacha, zinaibana hewa mlemle ndani. Hapo, mkinibana sana, nitayumba.

Kabla sijasahau: ile video ya Crown ya Masasi haitoki wiki hii, kipuri bado kiko njiani. Msinitukane, gonga kengele usubiri.

Kinachoniudhi kwenye seti hii ni kijitabu. Kimeandika petroli ya oktani 93, ile namba ya mafuta kuvumilia kubanwa bila kulipuka ovyo, basi. Mtu wa hapa anasoma, anaona pampu yake ni 95, anacheka. Usicheke! Wamarekani wanapiga wastani wa vipimo viwili vya oktani, RON na MON, sisi tunasoma RON peke yake. Hiyo 93 yao kwa RON inakaribia 98. Yetu ya 95 ni kama 91 yao, au chini kidogo. Na kama Mustang yako ni ya 2018 kuja mbele, mgandamizo wake, yaani silinda inavyoibana hewa, ni 12 kwa 1. Ya 2015 mpaka 2017 ni 11 kwa 1, ile ina uvumilivu kidogo. Ukiongeza presha kwa mafuta yasiyotosha, yanalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni haikuombi ruhusa kutoboka.

Bei? Seti kamili kulekule Marekani inaweza kuvuka dola 8,000. Bado meli, bado ushuru, bado fundi. Uza korosho zako kwanza.

Kaka anauliza tunafunga leo? Hatufungi. Faili la kontroboksi, kompyuta ya injini, lililokuja humu ni la 93 yao. Tumewaandikia watutengenezee la RON 95, presha ishushwe. Likifika nawasha kamera, kwa sasa naomba kitambaa, kale kampira kananuka oili.