Winta mbili na Bolt ya mitumba hapa Minnesota

Nilinunua Chevrolet Bolt ya 2019, gari linalokwenda kwa stima tupu, mwezi wa Septemba 2024, ikiwa imetembea maili 41,000, kwa dola 13,900. Wakati huo serikali ya Marekani ilikuwa bado inatoa punguzo la hadi dola 4,000 kwa gari la stima la mitumba. Muuzaji akalikata palepale, nikalipa 9,900. Punguzo hilo lilifungwa tarehe 30 Septemba 2025, kwa hiyo hesabu yako leo itakuwa nyingine.

Naishi Brooklyn Park, juu kidogo ya Minneapolis, mtaa ambao ukipiga kelele kwa Kikisii dukani lazima mtu ageuke. Kazi yangu ni kuhudumia watu wazima wenye ulemavu kwenye nyumba moja huko Elk River, shifti ya usiku, maili 22 kwenda na 22 kurudi. Tuna watoto wawili, na mama yao ana gari lake la petroli. Hilo la mwisho likumbuke, nitalirudia.

Kanisani kila mtu alikuwa na neno. Video za magari ya stima yaliyokwama kwenye vituo vya kuchaji kule Chicago, Januari 2024, zilikuwa zimezunguka kwenye vikundi vyote vya WhatsApp. Mzee mmoja ninayemheshimu alinivuta kando: "Kijana wangu, hiyo umenunua ni simu yenye magurudumu. Simu yako ukiiacha nje kwenye baridi inafanya nini?" Sikumjibu. Simu yangu ukiiacha nje inazima.

Nianze na kile ambacho hakikutokea. Wiki ya sikukuu ya Martin Luther King, Januari 2025, hapa kwetu kulifika nyuzi zaidi ya 25 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Baridi ya aina hiyo ukivuta pumzi nywele za puani zinasimama. Asubuhi jirani yangu alikuwa anapiga stata, gari linakohoa, linakohoa, kisha likanyamaza kabisa. Langu nilibonyeza kitufe, taa zikawaka, basi, tayari kwa safari. Hakuna injini ya kuzungusha wala oili iliyoganda kama uji wa jana. Jirani akaja na nyaya za kuunganisha betri, nikamwambia kitabu cha gari langu kinakataza kuchangia wengine moto, nikampeleka kazini mimi mwenyewe. (Usidanganyike lakini: gari la stima nalo lina betri ndogo ya volti 12, na ikizeeka inakufa kwa baridi kama ya gari lolote. Yangu niliibadilisha kabla theluji haijaanza.)

Kuwaka, basi, si tatizo. Tatizo nililijua Jumapili ya wiki hiyohiyo.

Nilikuwa nachaji kwa soketi ya kawaida ya ukutani, ile ya volti 120, kwa kebo ya kawaida ya kuchaji nyumbani. Tangu Septemba ilikuwa inanitosha. Asubuhi hiyo nikafika kutoka kazini skrini ikisema nimebakiza maili 52, nikachomeka, nikaoga, nikalala. Kuamka saa kumi na moja jioni, baada ya karibu saa tisa kwenye stima, skrini inasema 57. Maili tano! Nilidhani soketi imekufa. Nikagusa plagi, ina joto. Taa ya kijani kwenye dashibodi inapepesa vizuri tu.

Niligundua baadaye, na ingekuwa vyema mtu angeniambia siku ya kwanza. Bolt ikichomekwa kwenye soketi ndogo hujiwekea yenyewe ampea 8 tu, kwa usalama wa nyaya za nyumba. Hiyo ni chini ya kilowati moja, birika la chai linakula zaidi. Ni lazima uingie kwenye skrini ya kuchaji uchague 12 kwa mkono wako, kama una hakika nyaya zako ni nzima. Na betri ikiwa baridi sana, gari linatumia stima ya ukutani kuipasha joto kwanza, ndipo linaijaza. Kwa hiyo mchana kutwa nilikuwa naota moto tu, mimi kwa blanketi na gari kwa ampea 8.

Usiku ule nilikwenda kazini nimezima hita, nimevaa jaketi mbili na soksi tatu, napumulia shingoni ili kioo kisiweke ukungu. Kufika nyumbani asubuhi zimebaki maili sita. Sijawahi kuipenda taa ya gereji yangu kama siku hiyo.

Sasa habari ya maili, maana ndilo swali la kwanza la kila mtu. Kiwandani Bolt ya 2019 iliandikiwa maili 238 kwa chaji moja. Yangu ilibadilishiwa betri 2022, kwa sababu mwaka 2021 GM, kampuni inayoiunda, iliita Bolt zote zirudi kutokana na hatari ya moto kwenye betri, na za miaka ya 2017 hadi 2019 zilipobadilishiwa zilipata betri mpya yenye uwezo zaidi kidogo. Julai mimi hupata 250 bila kujinyima chochote. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, ambayo hapa ni siku ya kawaida ya Januari, hesabu 160 au 170. Kwenye ile baridi ya nywele za puani, barabara kuu, hita imewashwa kibinadamu, hesabu 125. Ukifanya safari fupifupi, dukani, shuleni, posta, kila mara gari limepoa, ni mbaya zaidi, maana unapasha chumba upya kila unapoingia.

Kinachokula ni hita. Gari la petroli linakupa joto la bure, mabaki ya injini. Bolt haina injini wala haina pampu ya joto (kifaa kinachookota joto kwenye hewa ya nje) kama magari mengi mapya ya stima yalivyo nayo sasa; inapasha kwa waya, kama jiko la kuchemshia maji. Kuna ukurasa kwenye skrini unaoonyesha stima imekwenda wapi tangu ulipochaji mara ya mwisho: asilimia ya kuendesha, ya joto la chumba, na ya kutunza betri. Siku moja nilimsubiri binti yangu nje ya uwanja wa mpira wa kikapu karibu saa nzima. Nilipofungua ukurasa ule, theluthi moja ya stima yote ilikuwa imekwenda kwenye hita. Tangu siku hiyo nikawa bahili. Kiti cha joto na usukani wa joto ndiyo siri, vinakula kidogo sana na mwili unaridhika. Hita naiweka chini. Mke wangu haafikiani na siri hii. "Baba Moraa, mtoto anatoa moshi mdomoni ndani ya gari," aliniambia siku moja, kwa ile sauti ya upole ambayo waliooa wanaijua. Hita ikapanda.

Dawa yake ni kulipasha gari joto likiwa bado limechomekwa. Unabonyeza rimoti ukiwa unakunywa chai, stima inatoka ukutani badala ya kwenye betri, unaingia gari lina joto na kioo kimeyeyuka. Hapo ndipo gari hili linaishinda petroli kabisa: unalipasha ndani ya gereji iliyofungwa na hakuna moshi wa kukuua.

Lakini hayo yote yanadai uwe na ukuta wenye soketi mahali gari linapolala. Februari nilimwomba mwenye nyumba ruhusa, akakubali, fundi wa stima mwenye leseni akaleta laini ya volti 240 gereji. Na chaja yenyewe, yote yalinigharimu kama dola 1,100. Tangu hapo gari linajaa kabla sijaamka, hata kwenye baridi kali, na sijafikiria chaji ya siku za kazi tena. Gereji haina hita, lakini ukuta wake mmoja umeegemea nyumba, kwa hiyo nje kukiwa nyuzi 25 chini ya sifuri, ndani ni 8 au 9 chini. Betri inaijua tofauti hiyo.

Tena angalia pesa. Nyumbani nalipa kama senti 15 kwa uniti. Kwenye baridi kali uniti moja inanipeleka maili mbili, yaani senti saba na nusu kwa maili, na kiangazi inafika maili nne. Gari langu la zamani la petroli lilikuwa linakula kama senti 12 kwa maili. Vituo vya kuchaji haraka nilivyotumia vinatoza karibu senti 50 kwa uniti. Piga hesabu hiyo kwa Januari: senti 25 kwa maili, maradufu ya petroli, na bado umekaa pale unasubiri. Mtu asiye na soketi nyumbani akinunua gari hili ili abane matumizi, atakuwa amenunua hasara yenye viti vya joto.

Kusubiri kwenyewe nako nilikuonja. Februari hiyo tulikuwa na harambee ya familia iliyofiwa huko Duluth, maili 155 hivi kutoka kwetu. Nikajitia kichwa ngumu: twende na la stima, nataka kulijua. Nyuzi 20 chini ya sifuri, upepo wa usoni. Nilijua hatufiki kwa chaji moja, nikapanga kusimama kwenye mji mmoja mdogo katikati ya njia. Kufika, mashine mbili. Moja skrini nyeusi, imeganda au imekufa, sijui. Nyingine ina mtu. Tukasubiri dakika 40, tukala mandazi yote yaliyokuwa ya wenyeji wetu. Ilipofika zamu yetu, Bolt ambayo hata siku nzuri haipokei zaidi ya kilowati 55 au hivi, ikapokea 30, maana betri ikiwa baridi haitaki kulishwa haraka. Saa nzima na robo. Safari ya saa mbili na nusu ilitula karibu tano. Tulipoingia ukumbini, maombi yalikuwa yameisha na ugali umeshapoa. Tangu hapo safari ndefu za winta tunakwenda na gari la mama Moraa, na sioni aibu kusema hivyo. Kama hili ndilo gari lenu pekee na mna jamaa Duluth au Fargo, fikiri mara mbili.

Barabarani linatulia kuliko nilivyotarajia, maana betri nzito iko chini ya sakafu. Ila linavutwa na magurudumu ya mbele na lina nguvu ya ghafla, ukikanyaga kwa pupa kwenye barafu tairi zinazunguka bure. Nunua tairi za winta, usijadili. Pia ile hali ya kuachia mguu gari likajifunga breki lenyewe hupungua nguvu betri ikiwa baridi. Asubuhi ya kwanza ya baridi niliachia mguu kama kawaida, gari likaendelea tu kama halijanisikia, nikapitiliza mstari wa taa nyekundu kwa urefu wa gari zima.

Binamu yangu wa Eldoret huniuliza, "Na stima ikipotea?" Miaka miwili imepotea mara moja, saa tatu, nikiwa nimelala.

Wiki jana mwenzangu wa kazini aliniomba nimsaidie kutafuta Bolt. Nikamuuliza linalala wapi. Akanionyesha picha ya maegesho ya ghorofa lao, magari yamefukiwa na theluji, ukuta wa karibu uko hatua sitini. Nilimwambia abaki na Corolla yake mpaka ahame. Hakufurahi.

Wewe mwenye gereji, ukienda kuangalia Bolt ya mitumba, chukua namba ya chesi kwanza uulize kama betri imebadilishwa na lini. Fungua mlango wa kuchajia: chini ya tundu la mviringo panapaswa kuwa na kifuniko kinachoficha matundu mawili makubwa. Kama hapana, gari hilo halichaji haraka popote, maana kwenye matoleo ya kabla ya 2022 kilikuwa kitu cha kulipia zaidi. Bonyeza viti na usukani uone kama vinapata joto, si Bolt zote zinavyo. Na nenda asubuhi ya baridi, umwambie muuzaji asilichomeke usiku uliotangulia.