Nimemlipia ndovu maziwa: uzoefu wangu wa kuasili ndama wa Sheldrick

Kwetu ni Sagalla, Taita, upande wa chini ya mlima, pale ambapo mahindi yakiishia ndovu wanaanzia. Nalitanguliza hili ili msomaji ajue kwamba sikwenda kwa watoto wa ndovu nikiwa na moyo mweupe. Nimekua na debe chini ya kitanda. Mahindi yakishaanza kubeba, wazee walikuwa wakilala kwenye dungu, na sisi watoto tukilala sikio moja likiwa nje. Ukisikia ukelele, unatoka na debe lako na kipande cha chuma, mkapiga hadi mikono ife ganzi. Asubuhi unakuta wamepita katikati ya mistari kama watu waliokuja kupima shamba: hapa wameng'oa, pale wameonja tu wakatema, na tangi la maji wamelikanyaga likawa sahani.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inasema mtu akiharibiwa mazao alipwe fidia. Mama alijaza fomu, akazipeleka kwenye ofisi moja ambayo naiacha bila jina, na hadi leo akiulizwa habari za fidia hujibu, "Inakuja na mvua."

Sasa binti yangu kazaliwa Nairobi, tunakaa Umoja, debe analijua la kuchotea maji. Alipokaribia kutimiza miaka tisa nikamuuliza anataka zawadi gani. Akasema anataka ndovu. Kumbe darasani kuna mwenzake ambaye wazazi wake wamemwasilia ndama pale Sheldrick, ana cheti kimebandikwa ukutani. Nilicheka, nikafikiri yataisha. Hayakuisha.

Kwa wasioijua, hii ni taasisi inayolea ndama wa ndovu na vifaru waliofiwa na mama au kupotezana nao. Ilianzishwa mwaka 1977 na Daphne Sheldrick kwa kumbukumbu ya mumewe, David, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa mbuga ya Tsavo Mashariki. Daphne mwenyewe alifariki mwaka 2018, na kazi sasa inaongozwa na binti yake, Angela. Kituo chenyewe, mimi nakiita chekechea, kimo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi.

Kuasili, yaani kuchangia malezi ya ndama mmoja huku yeye akibaki kituoni, kunaanzia dola 50 kwa mwaka. Siku niliyolipa zilitoka kama shilingi 6,500. Unafungua tovuti yao, unakuta ndama wamepangwa, kila mmoja na picha na kisa chake. Huyu katumbukia kisimani, kundi likaenda zake. Huyu mama yake kafa kwa ukame. Huyu mama kachomwa mkuki. Binti yangu aliwasoma siku mbili, tena kwa sauti, mimi nikiwa nakula. Mwishowe akamchagua dume mmoja aliyepatikana Tsavo wakati wa ule ukame wa 2022, akanigeukia: "Baba, huyu ni wa kwenu."

Wa kwetu kweli. Mwaka huo serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa kwa ukame kati ya Februari na Oktoba, na Tsavo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Mwaka huohuo mama hakuvuna hata gunia. Nililipa bila kusema kitu.

Cheti kilikuja kwa barua pepe, nikaenda kukichapisha kwa rangi pale saiba ya mtaani. Kila mwezi inakuja taarifa ya ndama wako, iliyotolewa kwenye shajara ya walezi, pamoja na picha iliyochorwa kwa rangi za maji. Picha ni nzuri, lakini kwangu mimi mali yenyewe ni hiyo shajara. Imeandikwa na watu wanaoshinda na wanyama hao kutwa: nani kamsukuma nani kwenye matope, nani ameiba chupa ya mwenzake, nani ameamka hana raha. Binti anaisoma kama watu wazima wanavyofuatilia mfululizo wa runinga.

Jambo moja umwambie mtoto mapema, asije akalia baadaye: ndama huyo si wako peke yako. Ndama mmoja ameasiliwa na watu wengi, kuanzia hapa hadi Ulaya na Marekani. Ni mchango, ila umepewa sura na jina. Na mchango wenyewe haufiki mbali ukipiga hesabu, maana ndama mchanga hunywa maziwa kila baada ya saa tatu, mchana na usiku. Hiyo ni mara nane kwa siku.

Tulienda kumwona wakati wa likizo ya Agosti. Wageni huingia saa tano asubuhi hadi saa sita mchana, kila siku isipokuwa Krismasi, na lazima uwe umeweka nafasi kabla. Wakati wa likizo fanya hivyo wiki kadhaa mapema. Sisi tulipanda matatu ya Rongai hadi Galleria, kisha teksi ya simu. Dereva wa kwanza alikubali, akaona tunaelekea mbugani, akafuta safari. Wa pili alipiga simu mara tatu kuuliza kama kule hamna simba barabarani. Geti ni la Barabara ya Magadi, mnapita kwenye karakana ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Chupa za maji za plastiki acheni nyumbani, zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020. Viatu vyeupe pia acheni. Udongo wa kule ni mwekundu, na ndovu hawachagui wa kumrushia.

Tulisimama nyuma ya kamba pamoja na watu kama mia hivi, wazungu, Wahindi, shule moja ya watoto wenye sweta za bluu. Kulikuwa na ile baridi ya Nairobi ya mwezi wa nane. Halafu wakatoka kichakani.

Ndovu mzima hana kishindo. Hilo nalijua tangu utotoni: usiku unasikia tumbo likinguruma na masikio yakijipiga, miguu huisikii, ndiyo maana wanakuwa wameshamaliza mistari miwili kabla hujashika debe. Hawa walikuja kwa fujo. Walikuwa wadogo kabisa, wawili wamefungwa blanketi mgongoni, wanakimbia huku mikonga inapepea ovyo kama mpira wa maji ulioachwa wazi. Ndama mchanga mkonga wake hajui kuutumia. Umemtangulia tu mbele, anaukanyaga, anaunyonya kama mtoto anavyonyonya kidole. Walezi wenye makoti ya kijani walikuwa wamesimama na machupa makubwa, na kila ndama alikwenda moja kwa moja kwa chupa yake.

Mmoja alisimama karibu nasi, hatua tatu hivi. Aliibana chupa mdomoni, akauweka mkonga juu ya bega la mlezi, akafumba macho. Kope zake ndefu, zina vumbi. Maziwa yakamtoka pembeni ya mdomo, yakachora mstari mweupe hadi kwenye kidevu, na mlezi akayafuta kwa kiganja kisha akajifutia kiganja kwenye koti, bila kuangalia, kama mama aliye jikoni. Chupa ya kwanza ilipoisha, yule mdogo alitoa mlio ambao mzazi yeyote anaujua. Akapewa ya pili.

Mlezi mmoja alikuwa na maikrofoni, akieleza. Ndama wa ndovu hakai na maziwa ya ng'ombe, mafuta yake yanamharisha hadi afe. Daphne alihangaika miaka mingi, akipoteza ndama mmoja baada ya mwingine, hadi akapata njia ya kutumia maziwa ya unga ya watoto wa binadamu na kuyatia mafuta ya nazi. Jioni nilipomsimulia mama kwa simu alicheka sana: "Kwa hiyo wanakunywa tui! Ndiyo maana hawashibi mahindi."

Kazi inayonishangaza ni ya usiku. Mlezi analala ndani ya banda na ndama, yeye kwenye kitanda cha juu, ndama chini kwenye nyasi kavu. Saa ya maziwa ikifika na mtu hajaamka, ndama anavuta blanketi. Na hawaruhusu ndama mmoja kulala na mlezi yuleyule kila siku, wanabadilishana zamu. Sababu yake ni ya uchungu. Miaka ya mwanzo Daphne alikuwa na ndama aitwaye Aisha, aliyemzoea yeye peke yake. Daphne akasafiri kwenda harusi ya binti yake. Aisha akakataa kula, na akafa. Tangu hapo kila ndama anazoeshwa watu wengi, ili mmoja akienda likizo yeye asife kwa kihoro.

Nilimsogelea mlezi mmoja wakati kundi la pili, la wakubwa kidogo, lilipokuwa likioga matope. Nikamwamkia, nikamwambia natoka Sagalla. Akacheka kabla sijamaliza. "Kwa hiyo umekuja kuwaangalia au kuwapiga picha za polisi?"

Nikamuuliza kilichokuwa kimenikaa kooni. Hawa wakiisha kukua wakirudishwa Tsavo, wakawazoea watu hivi, si ndio watakaokuja kwa mama yangu bila hata haya? Hakunidanganya, na kwa hilo namheshimu. Aliniambia wakitoka hapa wanapelekwa kwenye vituo vya Ithumba au Voi ndani ya Tsavo, au Umani kule Kibwezi, wanakaa miaka wakitembea na walezi mchana na kulala bandani usiku, hadi wenyewe waamue kuondoka na kundi la porini. Wengine baadaye wanarudi kuonyesha watoto waliozaa huko. "Lakini ndovu ni ndovu," akasema. "Akisikia harufu ya mahindi, cheti chako hakisomi."

Binti yangu kwa upande wake hakuwa na swali hata moja. Ndama wetu alikuja na lile kundi la pili, mwekundu kwa vumbi, kashika tawi mdomoni. Alipita mbele ya kamba, akatugusa na pumzi ya mkonga, yenye unyevu na harufu ya nyasi iliyolowa, akaenda zake. Hatukuwa kitu kwake. Mtoto alishika mkono wake uliopulizwa hivyo hivyo hadi tulipofika Umoja, hakutaka kuunawa, na mama yake alinilaumu mimi.

Kama unataka mtoto wako amkumbatie ndovu apigwe picha, hapa si mahali pake. Saa moja ikiisha imekwisha. Ukigusa ni kwa sababu ndovu kapenda kusogea. Mimi naliona hilo kuwa sawa, ingawa kwa familia inayotoka mbali nauli inaweza kuwa kubwa kuliko furaha yenyewe. Kuasili peke yake bila kwenda kunatosha, kama mtoto anapenda kusoma.

Tumelipia mwaka wa pili. Niseme ukweli, safari hii nililipa bila kuombwa. Si kwamba nimesahau debe. Mama sasa amezungushia shamba uzio wa mizinga, ile njia inayotumika sana kwetu Sagalla: mizinga inaning'inizwa kwenye waya, ndovu akiugusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na ndovu anawaogopa nyuki kuliko tochi yoyote. Asali anauza. Ukame ukija nyuki nao wanahama, na usiku huo tunarudi kwenye debe. Kwa hiyo ninalipia maziwa ya ndovu kwa mkono mmoja na kununua waya wa mizinga kwa mkono wa pili. Mwenye kuona hapo pana upumbavu aje alale Sagalla wiki moja mahindi yakiwa yamebeba, kisha aende Nairobi saa tano asubuhi.

Juzi taarifa ya mwezi ikaja. Ndama wetu amehitimu chekechea. Walimzoesha lori kwa kumpa maziwa yake humo ndani siku baada ya siku, kisha alfajiri moja wakamfungia, walezi wakaondoka naye. Binti alisoma hadi mwisho, akaruka. Amepelekwa Voi.

Voi na kwetu, ukisimama mlangoni kwa mama unaiona mbuga. Nilimpigia simu nikampa habari. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika.

"Anaitwa nani vile?" akauliza.

Nikamtajia.

"Rudia polepole, mwanangu. Nataka nikitoka na debe niwe najua kumwita."