Pesa za wazee: tathmini yangu ya SAGE, kutoka Paidha

Serikali ya Uganda ina huduma moja ambayo mtu maskini hupewa pesa taslimu mkononi bila kudaiwa dhamana, mradi wala kikundi. Ni ruzuku ya wazee. Kwenye karatasi inaitwa SAGE, kifupi cha Social Assistance Grants for Empowerment. Huku kwetu West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi, ni pesa za wazee tu. Nimefanya utafiti wa umaskini na ustawi wa jamii tangu nilipotoka Makerere, kwanza nikibeba madodoso ya watu wengine kutoka nyumba hadi nyumba, kisha nikiandika ya kwangu. Katika mipango yote niliyowahi kuichunguza, huu ndio ninaouamini kuliko mingine. Ndio pia unaoniuma zaidi, kwa sababu masharti yake yamewaacha nje wengi wa wale wale wanaouhitaji.

Nianze na kiasi. Mzee anapata shilingi 25,000 kwa mwezi. Mara nyingi hailipwi mwezi kwa mwezi. Hulimbikizwa, kwa hiyo akiitwa kituoni baada ya miezi mitatu anatarajia kuondoka na 75,000. Kiwango hicho kimekaa pale pale kwa zaidi ya miaka kumi huku chumvi, sabuni na nauli ya boda vikipanda. Zamani kilikuwa kinakaribia dola 10 za Marekani, leo ni kama 7. Mtu wa Kampala atauliza pesa hiyo inafanya nini. Nimelisikia swali hilo kwenye mikutano mingi, na kwa kawaida anayeuliza hajawahi kusimama kwenye kituo cha malipo.

Mimi nimesimama. Siku ya malipo hapa Paidha, wilaya ya Zombo, wazee huanza kufika kabla jua halijapanda, wengine wakisukumwa kwa baiskeli na wajukuu, wengine wakiegemea fimbo tangu kijijini. Wanakaa chini ya mti kwa mpangilio wanaoupanga wenyewe. Mama mmoja aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Mahagi kule Kongo, akaolewa huku, alinieleza kwa Kiswahili hesabu yake yote kabla hata ya kuitwa: deni la dukani, daftari za wajukuu wawili, dawa ya macho, na kinachobaki anakiweka kwenye kikundi cha akiba. Nikamuuliza, "Mama, mbona deni la duka linakuja mwanzo?" Akanijibu, "Mwanangu, nikilipa leo, kesho atanikopesha tena. Zamani alikuwa akiniona nakuja anajifanya hayupo."

Jibu hilo lina uzito kuliko kurasa nyingi nilizoandika. Tathmini zilizofanywa wakati wa majaribio ya mpango huu zilionyesha jambo hilo hilo: pesa ndogo inayokuja kwa uhakika humfanya mzee aaminike dukani na kwenye kikundi, naye hununua chakula, vifaa vya shule, kuku, wakati mwingine mbuzi. Neno la kushika hapo ni uhakika. Malipo yakichelewa, mwenye duka naye anaanza tena kujificha. Ndiyo maana kuchelewa kwa malipo si kosa dogo la ofisi, na katika tathmini yangu naukatia mpango alama nyingi kwa hilo.

Huduma yenyewe kituoni imenipa picha mbili. Wahudumu wengi niliowaona wana subira, wanaongea na wazee kwa heshima, wanahesabu noti mbele yao polepole. Lakini kuna kituo kimoja, sitakitaja, ambapo wazee walingoja mpaka alasiri bila maji wala kivuli cha kutosha, wakaambiwa warudi siku nyingine. Boda ya kwenda na kurudi peke yake ilikuwa imeshakula sehemu nzuri ya mwezi mmoja. Kuna pia mashine ya alama za vidole. Mtu aliyeshika jembe miaka sitini vidole vyake vimelainika, na mashine haimsomi. Nimemwona mzee akijipaka mafuta, akijifuta, akijaribu kidole baada ya kidole, watu wote wakimtazama. Utaratibu wa kumteua mtu mwingine akuchukulie pesa upo, na ni mzuri, ila wengi hawauelezwi mpaka siku wanapokwama.

Sasa nieleze kwa nini nauamini mpango huu, na hapa ndipo kazi yangu ya miaka yote inapoingia. Ulipoanza mwaka 2010, kwa msaada wa Uingereza na Ireland chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, ulikuwa na ruzuku mbili. Moja ilikuwa ya wazee, kuanzia miaka 65, na 60 kule Karamoja. Nyingine ilikuwa ya familia dhaifu. Zote mbili zilijaribiwa kwenye wilaya chache, zikiwamo Nebbi na Zombo yetu, Katakwi, Kaberamaido, Kyenjojo, Kiboga na Moroto.

Ruzuku ya familia ilitumia fomula. Walihesabu ndani ya kaya watoto, wazee na wenye ulemavu, wakawalinganisha na wenye nguvu za kufanya kazi, kisha kaya zilizovuka kiwango fulani zikachaguliwa. Kwa mtaalamu wa takwimu inapendeza. Kijijini ilizua mafarakano. Nyumba mbili zenye paa moja la nyasi, shamba moja la muhogo, njaa moja, lakini moja ikapewa na nyingine ikanyimwa kwa sababu kijana wa miaka ishirini, asiye na kazi, alihesabiwa kuwa mwenye nguvu. Watu hawakuelewa, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, hakuwa na maneno ya kuwaeleza. Ruzuku hiyo ikaachwa. Ya wazee ikabaki, kwa kuwa uzee kila mtu anauona. Hakuna jirani aliyelalamika kwamba bibi wa jirani yake si mzee.

Tangu hapo, mtu akiniletea mpango wenye orodha ndefu ya vigezo vya kumpata maskini halisi, namuuliza kwanza: je, jirani aliyenyimwa ataelewa kwa nini amenyimwa? Swali hilo halikuwa kwenye vitabu nilivyosomea. Sisi tulifundishwa kuchora mstari wa umaskini na kuhesabu walio chini yake, na kazi hiyo naiheshimu. Bila hiyo tusingejua kwamba umaskini Uganda ulishuka kutoka asilimia 56.4 mwaka 1992/93 hadi 16.1 mwaka 2023/24. Lakini mstari hauwezi kusimama kwenye lango la kituo cha malipo. Nyumba zinauvuka kila msimu, juu na chini. Mvua ikikosekana, kahawa ikishuka bei, mtu mmoja akilazwa, wanarudi walikotoka.

Basi kama uzee ndio kigezo kizuri, tatizo liko wapi? Liko kwenye namba 80. Mpango ulipokuwa unapanuliwa kuanzia mwaka 2015, wilaya mpya zilipewa nafasi za wazee 100 tu kwa kila sabukaunti, wale wakongwe kabisa. Kisha, ulipoenezwa nchi nzima, umri wa kuingia ukawekwa miaka 80, na wale waliokuwa wameshaandikishwa wakaendelea kulipwa. Matokeo yake hapa Zombo unaweza kukuta ndugu wawili: mkubwa aliingia wakati wa majaribio akiwa na 65, mdogo ana 74 leo na hana chochote. Ardhi yao imechoka sawasawa na magoti yao yameisha sawasawa. Umri wa kuishi unaotarajiwa kwa Mganda haufiki miaka 70. Kuweka mlango kwenye 80 ni kuwaahidi wengi kitu watakachokipata watoto wao wakiwa wameshawazika.

Majirani wametuonyesha kwamba inawezekana. Zanzibar ilianza pensheni jamii mwaka 2016 kwa kila aliyetimiza miaka 70. Kenya nayo, kupitia Inua Jamii, iliweka 70 na shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, ambazo ni zaidi ya mara mbili ya hizi zetu. Sisemi hao hawana shida zao. Nasema tu kwamba 70 si ndoto.

Halafu kuna Ndaga Muntu, kitambulisho cha taifa. Umri wako ni ule ulioandikwa kwenye kadi, na namba yenyewe huubeba: CF kwa mwanamke au CM kwa mwanamume, kisha tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa. Wahudumu huziangalia hizo kwanza. Wazee wetu wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Siku ya kuandikishwa kijana mwenye kompyuta alikadiria. Namjua mama ambaye kadi yake inasema 1950, na mwanawe wa kwanza kadi yake inasema 1961. Kwa mujibu wa kadi alizaa akiwa na miaka 11. Kila mtu kijijini anajua si kweli, padri anajua, mwenyekiti anajua, lakini kwenye kituo cha malipo kadi ndiyo inayosikilizwa. Hali hii haiko Zombo peke yake, na mwaka 2022 mashirika ya haki yaliipeleka serikali mahakamani kuhusu wanaonyimwa huduma kwa sababu ya kitambulisho.

Watu huniuliza siku hizi kama Parish Development Model, mpango mwingine wa serikali, si bora zaidi, kwa kuwa inatoa milioni moja kwa kaya na milioni 100 kila mwaka kwa parishi, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa. Ni vitu viwili tofauti. Ile ni mkopo kwa mtu mwenye nguvu za kufuga na kulima. Bibi wa miaka 82 hahitaji mkopo wa nguruwe.

Nikiulizwa alama: muundo wa ruzuku hii naupa nyota tano kati ya tano. Malipo kituoni, tatu. Umri wa kuingia na kiasi, moja, na hiyo moja ni kwa sababu hao waliomo hawaachwi.

Kama una mzee nyumbani anayekaribia 80, usingoje mwaka ufike. Itazame kadi yake leo. Kama mwaka umekosewa, tafuta kadi ya ubatizo, kadi za watoto wake wakubwa na barua ya LC1, uanze marekebisho mapema, maana huchukua muda mrefu. Kisha nenda kwa ofisa maendeleo ya jamii wa sabukaunti, sio kwa mtu anayekuomba pesa ili akuandikishe; kuandikishwa ni bure. Na siku ya kwanza ya kuandikisha taja mapema nani atamchukulia pesa siku miguu ikigoma, mtu ambaye mzee mwenyewe anamwamini.