Kozi ya jioni ya Kiingereza Kariakoo: brake, break na elfu 60 yangu

Nimemaliza kozi ya Kiingereza cha biashara kwenye kituo kimoja cha ghorofani hapa Kariakoo, jina naliacha maana nina malalamiko pia. Kwa kifupi kama unauza kitu chochote hela yako inarudi, ila kuna mambo yanakera.

Ada elfu 60 kwa mwezi, vipindi saa 12 jioni mpaka saa 2 usiku, kwa sisi wa madukani ni muda mzuri sana unafunga duka unapanda ngazi umefika. Darasani wengi ni wauza spea wa Gerezani, wa hardware, wadada wa vitenge na dada mmoja anayeoka keki.

Kilichonifanya niandike ni ile mada ya maneno yanayotamkwa sawasawa ila yanaandikwa tofauti. Najua utasema hayo si ya darasa la tano, subiri kwanza. Madam hakuja na son na sun za kila siku, kaja na vitu vya dukani. Kauliza nani anauza spea, mikono kibao juu, akasema haya andikeni, the brake pads will break, yaani pedi za breki zitavunjika. Weee! Kuna walioandika brake zote mbili, kuna walioandika break zote mbili, na jamaa mmoja nyuma kaandika blake, tulicheka mpaka mlinzi akachungulia. Hapo hapo akatupeleka kwenye pedal na peddle, ya kwanza ndo hiyo unayokanyaga kwenye gari, ya pili ni kutembeza bidhaa, yaani kazi ya machinga yenyewe, na ukizitamka hakuna tofauti hata chembe. Wa hardware wakapewa hose na hoes, mpira wa maji na majembe. Sasa fikiria unaagiza mzigo kwa ile ya kuongea simu inakuandikia, we umesema hose yenyewe ikaweka hoes na hujasoma ukatuma, utaletewa majembe utamlaumu nani?

Halafu ile wholesale ambayo kwenye vibao vya mtaani unaikuta holesale. Hole ni tundu, kwa hiyo kibao kinasema unauza matundu. Cha ajabu madam anasema hiyo w Waingereza wenyewe waliibandika tu kwenye maandishi karne ya 15, haikuwa ya kutamkwa kabisa, wakati k ya know zamani ilitamkwa kweli, ikafa mdomoni ikabaki kwenye karatasi, ndo maana leo know na no kwa sikio ni kitu kimoja. Meat na meet nazo zilikuwa sauti mbili, matamshi yakahama ila tahajia haikuhama nayo, maana mchapaji mmoja Mwingereza, Caxton, alileta mashine ya kuchapa Uingereza 1476 na wachapaji wakaendelea na maandishi ya zamani. Dada wa keki alifurahi aliposikia flour na flower lilikuwa neno moja, unga laini ulioitwa ua la ngano kwa maana ya sehemu yake bora kabisa.

Lakini kwangu mimi hela ilirudi pale alipochora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja kaweka brake na break, upande wa pili ship na sheep, live na leave, fit na feet. Akasema hawa wa kwanza acheni kuhangaika kutafuta tofauti ya sauti, haipo hata kwa Mwingereza, kariri maandishi basi. Hawa wa pili tofauti ipo, ni sisi tunaozifananisha kwa sababu Kiswahili kina irabu 5 tu na tunazibebesha kazi yote. Aisee, shule nzima nimesoma hakuna mwalimu aliyewahi kunitenganishia hivyo, tulikuwa tunachanganyiwa wote kwenye kapu moja na unatoka unaamini sheep na ship ni pacha.

Sasa malalamiko. Kile kitini wanachokuuzia elfu 8 nje ya ada, ambayo hawakuambii siku ya kujiandikisha, kimeweka sauce na source, court na caught kama zinatamkwa sawa bila maelezo yoyote. Kwa London sawa, ila Mmarekani anaitamka ile r, kwake ni vitu viwili. Kijana mmoja wa clearing anayeangalia sana muvi za Marekani akauliza, akajibiwa tufuate kitini. Hapana bwana, hilo lilikuwa swali la maana! Hata tyre hawakuigusa, na wauza spea ndo tunaihitaji kila siku, Mwingereza anaandika tyre kwa tairi na tire kwa kuchoka, Mmarekani tire kwa yote mawili, na katalogi zinakuja za pande zote.

Pia wanajaza watu mno na kuongea mnaongea kidogo, kuandika kwingi. Nyota 4 kwa madam, 2 kwa ofisi yake. Ukienda dai kitini kwenye ada kabla hujalipa, na wahi siti za mbele, nyuma kuna feni linalounguruma na kwenye imla ya haya maneno utaandika blake kama yule jamaa.